Geuza karatasi uone mgongo: namna ya kuzisoma nyaraka za Abraham Lincoln

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinitumia kwenye simu ile "barua ya Abraham Lincoln kwa mwalimu wa mwanawe". Huenda nawe umeshaipata, maana haikosi kuzunguka kila ufikapo msimu wa mahafali. Alitaka kuichapa kwa herufi kubwa aitundike ofisini kwake, akaniomba nimpitishie jicho kwenye Kiswahili chake. Sasa mimi nilikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka 31, na maradhi ya kazi ile hayajanitoka. Nikionyeshwa barua, sianzi na ilichosema. Nauliza iko jalada gani, ina tarehe gani, na mgongoni pameandikwa nini. Nikamwomba anipe siku mbili. Siku mbili zile zimefika mwaka wa nne, na bado jioni hazipiti bila kufungua karatasi mbili tatu za Lincoln, yule rais wa Marekani wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ninayoandika hapa ni kwa mtu ambaye hajawahi kuzigusa nyaraka hizo na anadhani ni mali ya maprofesa. Ziko wazi kwenye intaneti, bure, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ni kujua uingilie mlango upi.

Zilizoingia na zilizotoka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba "nyaraka za Lincoln" ni barua alizoandika Lincoln. Karani mzima mimi! Mtu mwenye ofisi akiandika barua, barua inaondoka, inakwenda kukaa kwa aliyepelekewa. Kinachobaki mezani kwake ni alichoandikiwa. Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, imeweka kwenye intaneti hati zake zaidi ya 20,000, na sehemu kubwa ni za watu waliomwandikia yeye: majenerali, magavana, waomba kazi, wajane, na wale wenye ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Za mkono wake zilizomo humo ni rasimu, nakala, na zile ambazo hakuzituma. Hizo ambazo hazikutumwa nitazirudia, kwa sababu ndizo zilizoninyima usingizi.

Ukitaka zilizotoka, nenda kwenye mkusanyo wa maandishi yake uliohaririwa na Roy Basler, uliochapishwa mwaka 1953 kwa juzuu 8, kisha ikafuata juzuu ya faharasa. Wahariri walizifuata barua huko zilikokwenda, kwenye maktaba na majumba ya watu, wakazinakili na kuzipanga kwa tarehe. Chuo Kikuu cha Michigan kimeuweka mkusanyo wote kwenye intaneti na unaweza kutafuta neno lolote ndani yake. Mimi hufungua vyote viwili kwa pamoja: Maktaba ya Bunge upande ule, Basler upande huu. Barua iliyoingia nasoma kule, jibu lake nalitafuta huku. Ukisoma upande mmoja tu ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu chumba cha pili.

Kuna jambo la kukumbuka ukishika kitabu cha zamani juu ya Lincoln. Mwanawe mkubwa, Robert, alizishikilia nyaraka hizi kwa mikono miwili. Aliwaruhusu John Nicolay na John Hay, waliokuwa makatibu wa baba yake, wakazitumia kuandika wasifu wa juzuu 10 uliotoka mwaka 1890. Wengine karibu wote waliambulia mlango uliofungwa. Mwaka 1919 aliziweka kwenye Maktaba ya Bunge, na mwaka 1923 akazikabidhi rasmi kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu kufa kwake. Alifariki tarehe 26 Julai 1926. Basi tarehe 26 Julai 1947, dakika moja baada ya saa sita ya usiku, watafiti wakiwa wamekusanyika, zikafunguliwa. Kitabu kilichoandikwa kabla ya usiku ule kisome kwa adabu, ila jua mwandishi wake aliandika akiwa nje ya mlango.

Mlango wa tatu nautaja kwa upendeleo wa mtu wa mahakama. Lincoln alikuwa wakili karibu miaka 25, na huko Illinois kuna watu waliopita mahakama moja baada ya nyingine wakikusanya kesi zake. Wamepata zaidi ya 5,000, nazo pia ziko kwenye intaneti. Nyingi ni madai ya deni, yale yale yaliyokuwa yakijaza rafu zangu. Usitafute hotuba humo. Tafuta jina la ofisi chini ya hati: "Stuart & Lincoln" ni kuanzia 1837, "Logan & Lincoln" kuanzia 1841, "Lincoln & Herndon" kuanzia 1844. Hata hati isiyo na tarehe utaiweka kwenye miaka yake kwa jina hilo peke yake. Na usishangae ukikuta karatasi ina tundu mahali palipokuwa na sahihi. Kuna watu walipita na mkasi wakitafuta kumbukumbu.

Huyo Herndon, mshirika wake, ndiye aliyesimulia kwamba Lincoln alibeba barua ndani ya kofia yake, na kwamba ofisini palikuwa na furushi la karatasi ambalo juu yake aliandika kwa mkono wake: ukikosa kwingine kote, tafuta humu. Nilicheka peke yangu usiku. Kila masjala ina furushi hilo. Tofauti ni kwamba sisi hatukuthubutu kuliandika jina.

Tafuta kwa tarehe

Wengi huandika jina la Lincoln kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapata maelfu ya matokeo, wanafunga. Nyaraka hizi zimepangwa kwa mfuatano wa siku, hivyo chagua siku. Chukua tukio unalolijua, kisha soma wiki moja kabla na wiki moja baada. Hapo ndipo utaona vitu ambavyo barua moja ikisomwa peke yake inavificha.

Mfano ulionifundisha mimi ni barua ya 22 Agosti 1862 kwa Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune. Humo Lincoln anasema shabaha yake kuu ni kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani, wala si kuukomesha utumwa au kuuokoa. Kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumkomboa mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Watu huinukuu barua hii kumshtaki. Rudi nyuma mwezi mmoja kamili kwenye Maktaba ya Bunge, fungua 22 Julai 1862. Utakuta rasimu ya tangazo la kuwakomboa watumwa wa majimbo yaliyoasi, ile aliyowasomea mawaziri wake siku hiyo. Kumbe alipomwandikia Greeley, rasimu ilikuwa tayari iko mezani. Nenda mbele tena mwezi mmoja: 22 Septemba anatoa tangazo la awali, na 1 Januari 1863 anatia saini la mwisho. Ukiziweka karatasi hizo nne kwa mstari, ile ya Greeley haisomeki tena kama ulivyoisoma mwanzo. Maana yake ni ipi, hilo utaamua mwenyewe. Ninachokuambia ni kwamba usiamue ukiwa na karatasi moja mkononi.

Rasimu nazo zisome hivyo hivyo, sambamba. Hotuba ya Gettysburg ya 19 Novemba 1863, ambayo haifiki maneno 300, iko katika nakala tano za mkono wake. Mbili, zinazoitwa kwa majina ya Nicolay na Hay, ziko Maktaba ya Bunge; moja iko Springfield, Illinois, moja Chuo Kikuu cha Cornell, na moja ndani ya Ikulu yenyewe. Ile ya Nicolay ukurasa wa kwanza ni wa wino, wa pili ni wa penseli kwenye karatasi ya aina nyingine. Maneno "chini ya Mungu" hayamo katika zile mbili za Maktaba ya Bunge, ilhali katika tatu zilizoandikwa baadaye yamo. Mtu akikuambia "hotuba ilisema hivi", muulize ni nakala ipi.

Mgongo wa barua

Hapa ndipo nitakaa.

Enzi hizo barua ikishasomwa ilikunjwa mikunjo mirefu ili isimame kwenye vijisanduku vya dawati, kisha kwa nje karani aliandika jina la mwandishi, tarehe, na mada kwa maneno machache. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote, ila sisi tuliandika juu ya jalada. Kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge, picha ya mgongo huo huja mwisho, baada ya kurasa za barua, na wasomaji wengi huona kama ni ukurasa mtupu wakaupita. Usiupite. Mgongo unakuambia ofisi iliielewaje barua ile. Mtu amelia kurasa sita, na mgongoni makatibu wameandika neno moja: anaomba kazi. Wakati mwingine mwandiko wa mgongoni ni wa Lincoln mwenyewe, na hapo ujue barua ilifika mikononi mwake, si kwamba iliishia kwa makatibu.

Baada ya vita vya Gettysburg, Julai 1863, Jenerali Meade, wa upande wa Lincoln, alimwacha Lee, jenerali wa waasi, na jeshi lake wavuke mto Potomac na kutoroka. Tarehe 14 Julai Lincoln akamwandikia. Anaanza kwa kumshukuru, halafu hasira inapanda taratibu mpaka anamwambia kwamba fursa yake ya dhahabu imepita, na kwamba yeye Lincoln amehuzunika kupita kipimo. Ukiisoma utamhurumia Meade. Lakini Meade hakuisoma. Tazama bahasha: kwa mkono wa Lincoln pameandikwa kwamba ni ya Jenerali Meade, haikutumwa wala haikusainiwa. Ndiyo sababu imo kwenye nyaraka za Lincoln mpaka leo. Ingetumwa, ingekuwa kwa Meade. Tangu hapo, kila nikikuta barua ya mkono wake ndani ya jalada lake mwenyewe nasimama nijiulize: hii inafanya nini hapa? Ni nakala, ni rasimu, au aliimeza?

Ya pili ni ya 23 Agosti 1864. Vita vinakwenda vibaya, uchaguzi unakuja. Lincoln anaandika mistari michache: kwamba asubuhi hiyo, kama siku kadhaa zilizotangulia, inaelekea sana serikali yake haitachaguliwa tena, na kwamba itakuwa wajibu wake kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla huyo hajaapishwa, kwa kuwa atakuwa ameshinda kwa misingi isiyomruhusu kuuokoa baadaye. Akaikunja, akaigandisha, akaipeleka kwenye kikao cha mawaziri, akawaambia watie saini mgongoni bila kujua ndani mna nini. Wakasaini. Alishinda uchaguzi tarehe 8 Novemba, na siku tatu baadaye akamtaka Hay aifungue mbele yao bila kuichana. Hay anasema katika shajara yake kwamba ilivyogandishwa ilibidi ikatwekatwe kidogo.

Nimetumikia mabosi wengi. Hakuna aliyewahi kuniletea karatasi nisaini mgongoni bila kuiona mbele, na angeniletea ningekataa. Mawaziri wale, Seward na Stanton wakiwemo, hawakukataa. Fungua picha ya upande wa mbele, kisha ya upande wa nyuma, uhesabu sahihi.

Mwandiko

Mwandiko wa Lincoln si mgumu. Wagumu ni wale waliomwandikia. Njia niliyoitumia ni hii: anza na andiko ambalo maneno yake unayo tayari. Chukua nakala ya Hay ya hotuba ya Gettysburg, weka maneno yaliyochapwa pembeni, soma mstari kwa mstari ukikuza picha mpaka uzoee umbo la kila herufi. Ukishaizoea herufi kubwa T na L zake, nusu ya safari imekwisha.

Yako mambo madogo yatakayokuokolea muda. Anapenda vistari virefu mahali pa nukta. Humwandika Sumter, ile ngome, kwa kuongeza p katikati. Barua za kawaida huzisaini "A. Lincoln", na hati rasmi za serikali, kama matangazo na barua za uteuzi, ndizo hutiwa jina lote, Abraham Lincoln, kwa hiyo barua ya faragha yenye jina kamili chini yake ichunguze mara mbili. Utakutana sana na "inst." baada ya tarehe, maana yake ni mwezi huu huu, na "ult.", mwezi uliopita. Asiyejua hilo hukosea tarehe kwa mwezi mzima. "Genl." ni jenerali, "Govr." ni gavana, "recd." ni imepokelewa.

Nyaraka nyingi zina nakala zilizochapwa chini ya picha. Baadhi zimefanywa na wataalamu wa Chuo cha Knox, Illinois, na nyingine na watu wa kawaida waliojitolea kupitia mradi ambao Maktaba ya Bunge iliuanzisha mwaka 2018 kwa barua hizi hizi za Lincoln. Zitumie, ila usizifanye msahafu. Soma picha kwanza, andika ulichoona, ndipo ulinganishe. Unapoandika usirekebishe kosa la mwandishi, na neno lisilosomeka liwekee alama ya kuuliza kwenye mabano. Karani anayekisia neno ni hatari kuliko karani mvivu.

Tarehe iliyoongezewa umri

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina msamaha ambao Lincoln alimpa askari Patrick Murphy, aliyekuwa amehukumiwa kifo. Kwa miaka kadhaa ulisifiwa kuwa huenda ni miongoni mwa karatasi za mwisho alizosaini, kwa sababu ulisomeka 14 Aprili 1865, siku aliyopigwa risasi jioni kwenye ukumbi wa Ford. Mwaka 2011 Hifadhi ikatangaza kwamba tarehe ilichezewa. Tarakimu ya mwisho ilikuwa na wino mweusi zaidi, na chini yake palionekana alama za tarakimu nyingine. Msamaha ulikuwa wa 1864.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa rafuni muda wote. Basler alikuwa ameunakili msamaha ule miaka ya 1950, tena kwa tarehe yake sahihi ya 1864. Aliyetaka kujua angefungua juzuu ya 7 tu. Kwa hiyo hati yoyote yenye tarehe nzuri mno, tafuta nakala yake ya kale zaidi iliyochapwa kabla hujaisimulia kwa mtu.

Barua ya mwalimu

Nirudi kwa rafiki yangu. Ukitaka kuhakiki nukuu ya Lincoln, usiandike sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia. Neno moja likitofautiana hupati kitu. Chagua maneno mawili matatu yasiyo ya kawaida kwenye nukuu, uyatafute kwa Kiingereza kwenye mkusanyo wa Basler. Ukikosa, badili neno moja, jaribu tena. Ukikosa bado, jiulize maswali ya masjala: ya tarehe gani, kwa nani, asili yake iko wapi?

Barua ya mwalimu haina jibu hata moja. Mwalimu hana jina, siku haipo, karatasi haipo, na kwa Basler haimo. Robert alikuwa mwanafunzi wa Harvard baba yake alipoingia Ikulu, na Tad, mdogo wao, alifundishwa na walimu wa nyumbani. Hali ni hiyo hiyo kwa ule usemi kwamba huwezi kuwadanganya watu wote wakati wote: haumo katika maandishi yake yoyote.

Rafiki yangu hakufurahi. Alikuwa ameshanunua fremu. Basi nikamtafutia kitu cha kuweka humo. Tarehe 15 Oktoba 1860 msichana wa miaka 11, Grace Bedell wa Westfield, jimbo la New York, alimwandikia Lincoln, wakati huo mgombea urais, kumshauri afuge ndevu kwa kuwa uso wake ni mwembamba, na akamwuliza kama ana binti. Jibu ni la siku nne baadaye, limo katika juzuu ya 4. Anasikitika kusema kwamba hana binti, ana wana watatu, wa miaka 17, 9 na 7, na hao pamoja na mama yao ndio familia yake yote. Kuhusu ndevu anauliza: kwa kuwa hajawahi kuwa nazo, je, watu hawataona ni kujishaua akianza sasa? Ila mkono ulimteleza, na mahali pa neno la kujishaua akaandika neno la Kiingereza lenye maana ya mapenzi. Ndevu alifuga, na tarehe 16 Februari 1861, treni ya kumpeleka Washington iliposimama Westfield, akamwita Grace.

Nikamnakilia rafiki yangu barua zote mbili, ya mtoto na ya mkubwa, kosa na yote. Jibu lake lilikuja usiku ule ule, swali moja tu: ya mtoto iko jalada gani?

Nikamwandikia kwamba iko Detroit, kwenye maktaba ya umma ya jiji.